UZI: Samaki wa deraya wasio na taya, na ubishi wa miaka 160 juu ya mfupa usio na seli

Fundi Kigae (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Yule samaki mnayemtumia kwenye vichekesho, mwenye macho mawili yanayotazama mbele na mdomo uliobaki wazi kama mzazi aliyesomewa ada ya muhula, ana jina lake. Anaitwa Sacabambaspis. Sanamu mnayoicheka iko kwenye makumbusho ya viumbe Helsinki, Finland. Mwenyewe aliishi kama miaka milioni 460 iliyopita, kwenye bahari ya kina kifupi mahali ambapo leo ni milima ya Bolivia. Urefu kama sentimita 25, taya hana, mapezi ya ubavuni hana, na kichwa chote amekivalisha ngao ya mfupa.

Sura ile waachieni wachongaji. Mimi naleta mfupa, wake na wa ndugu zake.

Kazi yangu ni kutengeneza slaidi za mawe. Watafuta madini wanaleta jiwe, nalikata, nalibandika kwenye kioo, nalisaga mpaka mwanga upenye. Miaka kadhaa nyuma mwalimu mmoja alirudi kutoka masomoni Uingereza na kijiwe chekundu saizi ya kiberiti, kimetoka mpakani mwa Wales. Pembeni ya kijiwe kulikuwa na kigamba cha zambarau, kinang'aa kidogo kama ganda la chaza lililokaa juani. Akasema, "Fundi, nitolee slaidi moja, usikimalize chote." Mimi nikajua ni madini.

Kwa wasioijua kazi hii: unene tunaoutaka ni milimita 0.03. Hakuna rula ya kupima hapo. Unaweka slaidi chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa, unatazama punje za mchanga. Zikiwa na rangi ya njano bado ni nene. Unarudi kwenye kioo chenye poda na maji, unasaga kwa vidole viwili, unatazama tena. Zikigeuka nyeupe ya kijivu umefika, na hapo ukizubaa mizunguko mitano tu jiwe lote linaondoka na maji, unabaki na kioo kitupu na aibu.

Mchanga ulipogeuka kijivu nikasogeza slaidi kwenye kile kigamba. Sikuwahi kuona jiwe la namna ile. Juu kulikuwa na vinundu vimejipanga safu, kila kimoja kina vijifereji vyembamba vinavyopanda kama mizizi iliyopinduliwa. Katikati vyumba vikubwa vyenye kuta, kama sega la nyuki lililokauka. Chini matabaka yamelaliana kama chapati iliyokunjwa na fundi anayejua.

Nikamwita mwalimu. Akakaa kwenye kiti changu kama robo saa bila kusema neno, halafu akasema: "Huyu ni samaki. Sasa nitafutie seli."

Sikuipata hata moja. Nashuka taratibu, nina wateja.

Nyangumi Bubu

Natia nanga hapa.

Mpwa wa Mwanza

Nimekaa na kahawa. Ila mkuu, "nitafutie seli" maana yake nini? Mfupa ni mfupa.

Fundi Kigae

Mpwa, mfupa wako wewe una watu ndani yake. Wakati mwili unajenga mfupa, baadhi ya seli zinazojenga hujikuta zimezungukwa na kile zinachokijenga, kama fundi aliyejijengea ukuta pande zote akasahau mlango. Hazifi. Zinakaa humo kwenye vijumba vya sehemu moja ya mia ya milimita hivi, zikishikana mikono na jirani zake kwa vijifereji vyembamba kuliko unywele. Seli ikioza baada ya kifo, kijumba kinabaki. Kwenye slaidi kavu unakiona kama doa jeusi lenye miguu mingi, buibui kabisa. Hata kwenye visukuku vya mamilioni ya miaka vijumba vinabaki, mara nyingi vimejaa madini meusi.

Kwenye kigamba cha Wales hakuna buibui.

Sasa historia, maana ndiyo yenye utamu.

Samaki hawa wa deraya Louis Agassiz, Mswisi, aliwaandika kwenye miaka ya 1830. Jenasi aliyoiita Cephalaspis ilikuwa kapu la mchanganyiko, ndani mna ngao za aina zaidi ya moja. Mwaka 1847 Rudolf Kner wa Austria akazitoa ngao mbili kwenye kapu hilo, akazipa jina la Pteraspis, halafu akasema hizi wala si samaki. Alitazama muundo wake wa ndani, matabaka na vyumba, akasema hili ni ganda la ndani la mnyama wa jamii ya ngisi.

Watu wa pwani msimcheke haraka. Kile kifupa cheupe cha dome, ndugu wa ngisi, kinachotupwa na maji ufukweni, chepesi kama boflo la jana, kivunje ukitazame kwa ukaribu: matabaka, na katikati yake nguzo na vyumba. Ukiwa na hadubini ya mwaka 1847 na kigae kimoja mkononi, ungeweza kusema hivyohivyo.

Jibu lilikuja 1858. Thomas Huxley alichukua Cephalaspis na Pteraspis, akatengeneza vipande vyembamba vya zote mbili, akaonyesha kwamba Pteraspis ni samaki ingawa mfupa wake haufanani na wa mwenzake. Cephalaspis alikuwa na buibui tele. Pteraspis hakuwa nao. Miaka kumi baadaye, 1868, E. Ray Lankester, kijana ambaye hata miaka 22 hajafika, akayapa makundi haya majina ambayo tunayatumia mpaka leo. Wenye seli akawaita Osteostraci. Wasio na seli akawaita Heterostraci.

Kwa Kigiriki *ostrakon* ni kigae. Basi hao wa kwanza ni vigae vya mfupa, na hao wa pili ni vigae vya namna nyingine. Ndiyo maana nimejiita nilivyojiita humu.

Mama Dagaa

Mwanangu, nimesoma yote. Swali la mtu asiye na hadubini: mfupa usio na seli si mfupa mfu? Utakuaje? Ukivunjika utaungaje?

Fundi Kigae

Shikamoo mama. Hilo swali ndilo lililonifanya niache kula samaki kwa amani.

Seli za kujenga zilikuwepo, ila zilikaa nje, juu ya uso wa mfupa, zikiongeza tabaka juu ya tabaka na kurudi nyuma bila kujifungia ndani. Mjenzi anayejenga ukuta akiwa amesimama nje. Kwenye ngao za Pteraspis unaona mistari ya kukua inazunguka kitovu kama pete za mti. Ndugu zao wa jamii ya Cyathaspis wana mambo mengine, ngao zao hazionyeshi pete hizo, na maelezo ya kawaida ni kwamba mnyama alikua kwanza hadi saizi yake ndipo akavaa deraya, mara moja.

Na mama, samaki wasio na seli ndani ya mfupa hujawakosa. Umewala. Sato hana. Sangara hana. Changu hana.

Mama Dagaa

Sato gani unamsema wewe?

Fundi Kigae

Huyuhuyu wa ziwani, mama. Sehemu kubwa ya samaki wa kisasa wenye miiba migumu kwenye pezi la mgongo wana mifupa isiyo na seli ndani. Jambo hili linajulikana tangu 1859, Mswisi mmoja anayeitwa Albert Kölliker alipopitia samaki wa kila namna na hadubini yake akawagawa mafungu mawili. Kambare anazo seli. Sato hana. Jodari, ambaye kwa ukoo angetakiwa awe upande wa sato, anazo. Mambo hayapangiki kama tungependa.

Nilijaribu mwenyewe. Nilikuwa kwa shemeji, pale mezani nikachukua kile kifuniko cha matamvua cha sato, kile kipana kama sahani ndogo, nikakisafisha, nikakifunga kwenye karatasi. Shemeji akanitazama tu. Sokoni nikaongeza kichwa cha kambare. Nyumbani nikachemsha vyote, nikaanika siku tatu, nikavisaga kwenye msasa wa maji mpaka vikawa kama plastiki ya mfuko.

Sato: safi, mistari ya kukua tu, hamna buibui. Nikafurahi. Kambare: safi, hamna buibui.

Wiki nzima nilitembea nikijua kwamba nimemkamata Kölliker kwenye kosa. Namwandikia mwalimu, nimeambatanisha na picha. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Ulibandika kwa gundi gani?"

Nilibandika kwa gundi nyepesi, ile ya maji. Imeingia kwenye vijumba vyote, ikavijaza, na kwa kuwa inapitisha mwanga karibu sawa na mfupa, vijumba vikapotea machoni. Buibui ni mweusi kwa sababu ndani yake kuna hewa. Ukiitoa hewa, umemfuta. Nikarudia na gundi nzito ya tyubu mbili, nikaiacha ianze kushika kabla ya kulaza mfupa. Kambare akajaa buibui kama dari ya ghala.

Ustaadh Pwani

Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri, Fundi. Umesema Lankester alitenga makundi mawili kwa sababu moja lina seli na jingine halina. Kisha umesema kutokuwa na seli (a) sato naye anayo sifa hiyo, (b) kunaweza kuwa kosa la gundi. Basi hilo kundi la Heterostraci si limeanguka? Huwezi kuunda ukoo kwa kitu ambacho watu hawana. Mimi na jirani yangu hatuna gari, hatujawa ndugu.

Fundi Kigae

Ustaadh, umenipokonya mdomoni. Uzi wote huu nimeuleta kwa ajili ya mstari wako wa mwisho.

Jina limebaki, sababu imebadilishwa chini yake. Leo ukiuliza Heterostraci ni nani, jibu linaanzia kwenye matamvua. Lamprei, yule samaki asiye na taya wa leo, ana matundu saba kila upande. Heterostraci matamvua yao yote ya upande mmoja yanatoa maji kwenye tundu moja tu, nyuma ya ngao. Kulia moja, kushoto moja. Hiyo ni kitu walichonacho, wanachoshirikiana wao peke yao.

Ule ukosefu wa seli umekutwa kwa wengi. Sacabambaspis wa Bolivia hana seli. Arandaspis wa Australia, mzee kuliko yeye, yuko fungu hilohilo. Astraspis wa Colorado, aliyetangazwa na Charles Walcott mwaka 1892, hana. Galeaspida wa China na Vietnam, wenye ngao za maumbo ya ajabu na tundu kubwa juu ya kichwa, hawana. Ukipanga mti wa ukoo unaona kwamba kutokuwa na seli ndiyo hali ya mwanzo, ya ukoo mzima. Mtu hatambulishwi kwa kitu ambacho babu wa wote alikuwa hivyo.

Upande wa pili Lankester alipatia bila kujua amepatia wapi. Seli *zilizopo* kwa Osteostraci ni jambo jipya, na wanashirikiana nalo na samaki wenye taya, yaani pamoja na mimi na wewe. Osteostraci pia wana mapezi ya ubavuni mbele, kitu ambacho Heterostraci hawakuwahi kukipata. Kwa hiyo wamewekwa jirani kabisa na wenye taya, na Heterostraci wakasogezwa mbali zaidi kwenye tawi hilohilo. Wote wawili wako karibu na sisi kuliko na lamprei, ingawa lamprei na hawa wote hawana taya. Kutokuwa na taya nako ni kutokuwa na gari.

Ustaadh Pwani

Nimeridhika nusu. Nusu nyingine: utajuaje kwamba Heterostraci hawakuwa na seli zikapotea, kama sato?

Fundi Kigae

Kwa sato tunajua zilipotea kwa sababu ndugu zake wanaomzunguka, kambare, mpaka kamongo, wanazo, na babu zake walikuwa nazo. Heterostraci ukirudi nyuma yao humkuti mwenye nazo. Ukitaka zilikuwepo zikapotea, itabidi zipotee kwa Arandaspis, kwa Astraspis, kwa Heterostraci, kwa Galeaspida, kila mmoja kivyake. Inawezekana, lakini ni hesabu ndefu kwa jibu lilelile.

Ila Ustaadh, wapo waliosema *zipo*. Hii ndiyo sehemu ya ugomvi wenyewe.

Mfupa wa Heterostraci una jina lake, aspidini, kutoka *aspis*, ngao. Ukiutazama vizuri, si mtupu. Umejaa matundu membamba yaliyochongoka pande mbili, kama pia ya kusokotea uzi. Swali ni nani alikaa humo. Beverly Halstead Tarlo, Mwingereza, mwaka 1963 aliandika kwamba aspidini ni mtangulizi wa mfupa, na kwake yeye humo mlikaa seli. Wengine wakasema hapana, ni njia za nyuzi za kolajeni, zile kamba za protini zinazoshikilia mfupa. Wengine wakasema ni kitu cha katikati, nusu mfupa nusu dentini, ile sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli. Kila mtu alikuwa na slaidi yake na kila slaidi ilikuwa na haki.

Na hapa nasema kama fundi. Slaidi ni kipande kimoja. Tundu refu ukilikata mshazari linaonekana duara la yai. Ukilikata kwa urefu linaonekana mfereji. Ukilikata mwishoni linaonekana nukta. Watu watatu wenye slaidi tatu za mfupa mmoja wanaweza kugombana mpaka wastaafu, na hawa walistaafu kweli, wengine wakafa.

Njia ya kutoka ilikuwa kusaga mfululizo. Msweden Erik Stensiö alifanya hivyo na vichwa vya Osteostraci kutoka kisiwa cha Spitsbergen, Norway, akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1927: unasaga kidogo, unachora, unasaga kidogo, unachora, halafu unajenga upya kichwa kwa vipande vya nta, ubongo na mishipa yake yote. Ukimaliza una kichwa cha nta na huna kisukuku. Kwangu mimi ni kama kumchoma mbuzi ili ujue ana uzito gani.

Jibu la aspidini lilitoka 2018. Joseph Keating, Philip Donoghue na wenzao walipeleka vipande vya deraya kwenye sinkrotroni ya Villigen, Uswisi, ile mitambo ya duara inayozungusha elektroni mpaka zitoe miale ya eksirei mikali kupita ya hospitali kwa mbali sana. Unaona ndani ya kisukuku kwa kipimo cha chini ya maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, pande zote, bila kukigusa na msasa. Walipoyafuata matundu yale kwa urefu wake wote, yalikuwa yamenyooka, hayana matawi wala miguu, yamepangwa kama nyuzi za mkeka. Buibui hakai hivyo. Humo mlikaa mafungu ya kolajeni. Aspidini ni mfupa, mfupa wa kweli wa ngozini, usio na seli ndani.

Tangu Huxley mpaka hapo, miaka 160 kamili.

Jino la Mwisho

Fundi, mimi ni tabibu wa meno, nimepita kimya tangu juzi. Vile vinundu vya juu ulivyosema vina vijifereji vinavyopanda, hiyo ni dentini. Naiona kila siku. Samaki asiye na taya amepata wapi dentini na hana jino?

Fundi Kigae

Daktari, karibu sana. Amevaa meno nje. Kila kinundu kwenye ngao kina dentini, na juu yake kofia ngumu inayokaribia enameli. Papa mpaka leo ngozi yake ni hivyohivyo, ndiyo maana ukimpapasa kuelekea kichwani anakuchuna. Astraspis jina lake maana yake ngao ya nyota, kwa sababu ya vinundu hivyo vikitazamwa kutoka juu.

Na ndivyo wanavyotambuliwa mpaka leo. Mara nyingi kinachopatikana ni kipande saizi ya ukucha. Mistari mirefu iliyolala sambamba, unawaza jamii ya Cyathaspis. Mistari inayozunguka kitovu, Pteraspis na nduguze. Vinundu vya nyota nyota, Psammosteidae. Tatizo ni kwamba vipande vingi vimepewa majina yake kabla mnyama mzima hajaonekana, na wanaopanga ukoo wa Heterostraci leo bado wana kapu la vigae visivyo na kwao.

Hao Psammosteidae ngoja nikupe, utawapenda. Ndio wakubwa wao, wengine wanakadiriwa kukaribia mita 2, wapana, wamelala chini kama samaki taa. Wengi wametoka Estonia na Latvia, na Dmitry Obruchev na Elga Mark-Kurik waliwaandikia kitabu kizima mwaka 1965. Sahani zao za pembeni zimelika kwa chini, zimesuguliwa na mchanga kama kisigino cha kandambili. Sasa deraya ikisuguliwa vinundu vinaisha, unabaki na lile sega la katikati, laini. Mnyama huyu alikuwa anajaza dentini ngumu ndani ya vyumba vya sega kutoka ndani, mapema, kabla msuguo haujafika. Kwenye slaidi unaona vyumba vya ndani viko wazi, na kadiri unavyokaribia uso uliosuguliwa vinazidi kuzibwa, mpaka pale usoni pamekuwa kama sakafu ya terazo.

Jino la Mwisho

Hata jino la binadamu hufanya hivyo. Mtu akisaga meno usiku miaka na miaka, dentini mpya hujengwa kwa ndani, kiini kinarudi nyuma. Sikujua ni tabia ya zamani hivyo.

Swali la pili. Dentini inauma. Vijifereji vile ndivyo vinavyomfanya mtu aruke akinywa soda ya baridi. Hawa samaki walikuwa wanasikia na ngao?

Fundi Kigae

Inaelekea ndiyo. Mwaka 2025 Yara Haridy, Neil Shubin na wenzao wa Chicago walitoa kazi kwenye jarida la *Nature* iliyogusa hapohapo. Walikuwa wanatafuta samaki mkongwe kuliko wote mwenye dentini, na mgombea alikuwa Anatolepis, vijipande vya enzi ya Kambri ambavyo tangu miaka ya 1970 vilihesabiwa kuwa vya samaki. Walipovipiga picha kwa miale mikali, vile "vijifereji vya dentini" vikafanana na vihisio vilivyo kwenye magamba ya jamii ya kaa na wadudu. Anatolepis akatolewa kwenye samaki. Taji likabaki kwa wa enzi ya Ordovisi, iliyofuata Kambri, akiwemo Eriptychius wa Colorado, ambaye dentini yake ni ya kweli, ina mifereji mikubwa iliyo wazi. Hoja yao ni kwamba deraya ilihisi kwanza, na meno ya mdomoni yakarithi uchungu huo.

Kwa hiyo yule mgonjwa wako anayeruka na soda, ana kesi ya miaka milioni 460 na zaidi.

Na angalia, Daktari, ni mkasa wa Kner tena. Yeye alimfanya samaki kuwa ngisi kwa sababu ya vyumba. Hawa wengine walimfanya jamaa wa kaa kuwa samaki kwa sababu ya vijifereji.

Nyangumi Bubu

Afrika Mashariki wapo? Tukachimbe.

Fundi Kigae

Usinunue sururu. Mawe makubwa ya Mwanza ni ya zamani mno, zaidi ya miaka milioni 2,500, hakukuwa na samaki. Mawe ya Karoo ya Tanga na Ruvuma ni machanga mno, yalianza kulala hawa walipokuwa wamekwisha. Samaki hawa wa deraya walitoweka kabla enzi ya Devoni haijaisha, na enzi hiyo iliisha kama miaka milioni 360 iliyopita. Heterostraci wenyewe ni watu wa kaskazini: Uingereza, Ujerumani, Baltiki, Ukraine, Spitsbergen, Kanada, Marekani, Siberia.

Asiye na taya wa Afrika yuko Afrika Kusini, Makhanda, ni lamprei wa mwisho wa Devoni anaitwa Priscomyzon, ametangazwa 2006, hafiki hata sentimita 5. Ila huyo hana deraya. Hana mfupa kabisa, kwa hiyo mimi hana kazi nami.

Mpwa wa Mwanza

Mkuu samahani kwa kurudisha uzi nyuma. Nimefanya ile ya sato. Shule ya jirani wana hadubini, mwalimu kaniruhusu jioni. Nimesaga kifuniko cha matamvua mpaka vidole vinauma. Nimebandika kwa ile gundi ya tyubu mbili kama ulivyosema.

Nimeona madoa meusi. Mengi. Ulisema sato hana.

Fundi Kigae

Hongera kwanza kwa vidole. Sasa rudi kesho, weka lenzi kubwa, zungusha kirekebishi polepole juu na chini ukiwa unatazama doa moja. Niambie mambo mawili. Lina miguu? Na liko ndani ya mfupa, au linaonekana vizuri pale mfupa ulipokwisha kuwa ukungu?

Mama Dagaa

Na mimi nasubiri majibu. Nimemwacha sato kwenye friji tangu Jumatano.

Mpwa wa Mwanza

Nimerudi. Halina miguu hata moja, ni duara kabisa, pembeni linang'aa. Na nikilitazama vizuri, mistari ya mfupa inapotea. Pia nimeyakuta mengine kwenye kioo, nje ya mfupa.

Fundi Kigae

Hayo ni mapovu ya gundi, mpwa. Ukichanganya tyubu mbili usikoroge kwa nguvu, na pasha kioo kidogo juani kabla hujalaza mfupa. Halafu tafuta kambare, umwone buibui mwenyewe.